Mizani ya Gongoni

Nilifika Gongoni mwezi wa tano na barua ya chuo,
mihuri miwili, sahihi ya mkuu wa idara,
na jina langu limekosewa: Nyebu.
Nyevu, nikasema langoni. Nyevu Jefwa,
mwaka wa nne, uhasibu.
Mlinzi akaviangalia viatu vyangu.

Kwenye begi, daftari la somo la kompyuta:
Faida zake ni saba. Moja, haichoki.
Mbili, haikosei.
Nilizinakili kwa Mwanatumu,
naye kwa dada yake, aliyehitimu
kabla sisi hatujavunja ungo.
Zote saba nilizipata kwenye mtihani.
Ya nane hakuniambia mtu:
haikungoji.

Lori likapanda bamba la chuma, likatulia.
Nikashika kalamu.
Tarakimu zikawaka nyekundu, zikazimika,
na dereva hajashusha hata mguu
ankara imeshatokea Mombasa,
imeshasomwa, imeshalipwa nusu.
Kalamu yangu ingali na kifuniko.

Karani wa mizani anaitwa Thoya.
Kidato cha nne, alama ya D, kavu kama ng'onda.
Mtambo ulipoletwa walikuwa makarani watano;
wanne walikwenda kwao na bahasha.
"Wewe ulibakije?"
"Niliubonyeza usiku na mchana
hadi ukachoka kunikataa."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki ya pili mvua ikanyea chungu za chumvi.
Lori lile lile, magunia yale yale mia tatu,
uzito umezidi kilo mia nne na kumi.
Mtambo ukaandika. Mtambo hauna shaka.
Thoya akatia mkono guniani,
akafumbata, akafumbua.
"Tunauza maji," akasema.
"Haya, msomi. Tufanyeje?"

Nikaipekua miaka yangu minne
kama apapasaye ufunguo gizani:
sheria ya ushirika ipo,
mizania ya kiwanda cha viatu kisichokuwepo duniani ipo,
maji hayapo.

Nikasema, "Sijui."
Neno hilo chuoni ni sifuri.
Gongoni lilinipatia kiti.

Tuliazima sufuria ya Haluwa muuza chai,
tukapima chumvi mbichi, tukaikaanga, tukapima tena.
Kilichopotea ndicho maji.
Nikachora jedwali, nikatunga fomula,
na siku ya kwanza nikatoa mara mbili:
lori la Mariakani likazuiwa hadi adhuhuri,
dereva akaniita majina
ambayo kamusi haijayapata.
Siku ya pili hesabu ikakaa.
Jioni Thoya akaniomba nimfundishe fomula.
Nami nikamwomba anifundishe kufumbata.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mwezi wa nane akaja kijana kutoka Nairobi
na kidude kama kidole gumba;
ukikidunga kwenye chumvi
chenyewe kinasema maji ni kiasi gani.
Sufuria ikarudi kwa Haluwa, imetoboka.
Jedwali langu likabaki ukutani
kama kalenda ya mwaka jana.
Thoya akanitazama. Nikamtazama.
Kisha tukanena kwa pamoja, kama tuliopanga:
"Kina kitabu cha maelezo?"

Hakikuwa nacho.
Basi tukaanza kukidunga:
chumvi kavu, chumvi mbichi, kikombe cha chai.
Kwenye chai kikasema asilimia arubaini.
"Kumbe nacho hubahatisha," Thoya akasema,
akavuta kiti karibu.

Chuoni ripoti yangu ilirudishwa:
jalada liwe la buluu, si kijani,
na ukurasa wa shukrani utangulie.
Siku ya kuhojiwa walikuwa watatu mezani.
Yule wa kati hakuinua macho.
"Taja faida za kompyuta."

Nikawatajia saba. Walitaka saba.
Chini ya meza mkono wangu
ulifumbata, ukafumbua.