Kiti cha Ghorofa ya Pili

Damu yangu niliipima mwenyewe.
Saa kumi na mbili asubuhi, kabla Gáspár hajafika
na redio yake ya habari za kandanda,
nilikaza mpira juu ya kiwiko kwa meno,
nikachoma mshipa ninaoujua kama njia ya chooni usiku,
nikaandika kwenye kichupa: Vadász Piroska, miaka arobaini na mmoja.
Mashine ikanguruma. Mashine haijui
kwamba mtumishi wake leo ndiye mteja.

Mbili nukta tatu.
Kawaida.

Miaka kumi na sita nimelichapa neno hilo,
nikalipeleka kwa daktari Bodnár kwenye bahasha za kaki,
naye akalisoma kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.
Sikuwahi kumwona aliyebaki nje.

Basi nielezeni, kawaida ni nani?
Nilifundishwa: huchukuliwa watu wasiolalamika,
wakapangwa mstari, wakakatwa wachache kichwani,
wachache mkiani, na waliobaki katikati
ndio kipimo chetu sote.
Ningependa kukutana na mmoja wao.
Ningemuuliza kama hupanda ngazi akiimba.

Mimi nina soksi za sufu mwezi wa Mei.
Mto Tisza unang'aa, vijana wanalamba aiskrimu ukingoni,
nami nimevaa koti la marehemu baba.
Nyusi zangu zinaishia njiani
kama mtu aliyesahau aendako.
Nywele naziokota kwenye tundu la bafu,
nazikunja, nazitupa, sizihesabu tena.
Sauti imekuwa nzito; kwenye simu wananiita bwana.
Juzi nilisimama jikoni nimeshika kijiko,
nikalitafuta jina lake
mpaka supu ikakauka.

Na uchovu. Si ule wa kazi; ule una adabu,
ukilala, unaaga.
Huu nikilala, unalala.
Nikiamka, umeshavaa viatu vyangu.

Mama alikuwa na rovu.
Huko kwao milimani wanawake walijifunga vitambaa shingoni,
na watu waliona, wakawapisha kwenye benchi.
Wangu hauna hata uvimbe wa kuonyesha.
Najipapasa mbele ya kioo, nameza mate:
kinapanda, kinashuka, koo tu.
Sikuyaficha maradhi.
Maradhi ndiyo yaliyonificha.

Dada yangu Emőke husema, Umezidi kufikiri.
Bodnár husema, Pumzika, jaribu kuogelea. Una huzuni?
Ninayo, daktari,
lakini nani alimzaa mwenziwe?
Akaandika huzuni. Fomu haikuwa na nafasi ya swali.

Nilirudia kipimo. Mbili nukta nne.
Gáspár akaingia, akaona karatasi, akaona jina,
akailaza kifudifudi,
akanikatia nusu ya mkate wake wa soseji.
Hakusema kitu. Akapunguza redio,
na siku hiyo timu yake ilikuwa inashinda.

Jioni, ngazi.
Jengo letu halina lifti na mimi nakaa juu kabisa.
Ghorofa ya pili huwa naketi kwenye kidato,
mfuko wa viazi magotini,
najifanya natafuta funguo.
Wapitao huuliza: Umezipata?
Bado, nasema.
Miezi saba natafuta funguo nilizozishika.

Leo nimekuta kiti.
Cha jikoni, cha mbao, mguu mmoja umefungwa kamba,
kimeegemezwa ukutani chini ya mita za umeme.
Mlango wa Bibi Kerekes uko wazi kidogo,
harufu ya kabichi inatoka, na kikohozi.
"Si lazima uzitafute," akasema kutoka ndani. "Kaa tu."

Nikakaa.
Viazi vikakaa.
Taa ya ngazi, iliyotegwa dakika mbili, ikazimika,
na hakuna aliyeiwasha.