Blanketi la Saba

Kila Juni linashuka blanketi stendi ya Mbezi,
limefungwa kamba ya katani, limeandikwa kwa kalamu nene:
MAMA GWAMAKA, KEKO MACHUNGWA. MSILIKUNJE OVYO.
Mama mkwe anaishi Tukuyu, kwenye ukungu na migomba.
Haamini kuna mahali duniani
watu wanalala na feni, shuka liko miguuni,
na bado mtu anaamka kugeuza mto
atafute upande wenye ubaridi.

Basi nayahifadhi. Nifanyeje?
Vyumba viwili, kabati moja,
na blanketi lina ubishi: ulisukume huku, linachomoza kule
kama andazi kwenye mafuta.
Nimejifunza. Kwanza jua la saa nne, ukutani, pande zote mbili,
maana ukilifungia na unyevu, ikifika Agosti
nyumba inanuka mbwa aliyenyeshewa.
Kisha Gwamaka ashike pembe mbili, mimi mbili,
tukung'ute, tukunje, tusogeleane,
tukutane katikati. Hapo ndipo huniambia mambo ya shule
ambayo mezani hayasemi.
Mara tatu kwa upana, pindo liingie ndani,
mgongo ndio utazame mlango.
Majani makavu ya mwarobaini kati ya moja na jingine;
vile vidonge vyeupe vinaniumiza kichwa.
Lenye chui chini kabisa,
ni zito, lisije likamwangukia mtu.

Manne kabatini. Moja ndani ya shangazi kaja, mvunguni.
Na la sita,

la sita nalipigia pasi.

Mwaka jana alikuja mwenyewe, bila taarifa.
Hata hakukaa. Akafungua kabati,
akapitisha kidole kwenye mikunjo
kama mwalimu anayekagua madaftari,
akahesabu kwa Kinyakyusa,
akainama mvunguni, akahesabu tena.
Mimi nimeikingia meza kwa makalio.
"Sogea, mwanangu."
Nikasogea.
Alama ya pasi, ya kahawia,
kama unyayo wa mtu mwenye mguu mmoja.
Aliitazama weee.
"Hili," akasema, "ndilo pekee lililopata kazi."

Usiku ule umeme ukakatika.
Nikamsikia sebuleni anajigeuza,
anajipepea kwa daftari la hesabu la Gwamaka,
hata saa nane akauliza gizani, kwa sauti ndogo:
"Siku zote mnalala hivi?"
"Siku zote, mama."
Akanyamaza. Nikajua yameisha.

Juni hii limeshuka la saba.
Zito kuliko yote, lina tausi wawili na pindo la hariri.
Kamba ileile ya katani. Kalamu ileile:
LA PASI.

Nimelitandika mezani, nikawasha pasi,
nikaizima.
Tausi wananitazama.
Nimehamisha sufuria za sikukuu juu ya friji,
rafu ya chini imebaki wazi.

Gwamaka! Acha mpira.
Njoo ushike pembe.