Sahani Tano za Ndeanasia

Ua lake jeupe, dogo, kama chumvi iliyomwagika.
Lilikuja na lori la kifusi mwaka ule wa barabara,
likashuka Kikatiti bila nauli, bila hodi,
na kabla masika ya pili hayajakatika
tulikuwa tumeshalipa jina: gugu karoti,
kwa jani lake lenye sura ya mboga
na roho isiyo ya mboga.

Nililing'oa kwa mikono. Mikono ikaniwasha hadi viwikoni.
Nikalirundika kichwani mwa shamba, kando ya maharage,
nikasema, lioze, liwe mbolea.
Mvua ikanyesha juu ya rundo.
Maharage ya upande ule hayakutoka.
Nikalaumu mbegu. Nikamlaumu Aminieli aliyeniuzia.
Wiki mbili hatukusalimiana, hata kanisani.

Ndeanasia alirudi likizo kutoka chuoni Tengeru,
akaniomba sufuria ninayopikia makande.
Akaloweka majani usiku kucha, akachuja kwa kanga yangu kuukuu,
yakatoka maji ya rangi ya chai iliyosahauliwa.
Kisha sahani tano juu ya kabati,
pamba ndani yake, punje ishirini ishirini
(alizihesabu kama mtu anayehesabu mchango wa msiba):
ya kwanza maji matupu ya bomba,
ya pili tone tu,
ya tatu robo, ya nne nusu,
ya tano ile chai yenyewe, kali, bila kuzimuliwa.

Siku ya sita nilimtangulia kuamka.
Katika ya tano zilichipua mbili,
mizizi imejikunja, ncha nyeusi kama njiti ya kibiriti iliyozimwa.
Ya nne, saba. Ya tatu, kumi na tatu.
Maji matupu, kumi na tisa; sawa.
Nikafika kwenye ile ya tone.
Ishirini. Zote. Na mizizi mirefu
kuliko ya zile zilizokunywa maji safi.

"Umechanganya sahani," nikamwambia.
Akacheka, akapima kwa rula yake ya shule ya msingi.
Akaandika. Hakuongeza neno.

Basi nikabaki na lile tone.
Marehemu mama mkwe alikuwa na ulimi wa namna hiyo.
Siku nilipounguza ugali mbele ya wageni alinipa neno moja,
na juu ya neno hilo nilijifunza kusimama.
Lakini wifi yangu aliishi naye chumba kimoja miaka minane,
akinywa kila siku, bila kuzimuliwa.
Mnamwona akipita.

Jioni nilikwenda kwa Aminieli.
Nikasema, mbegu zako zilikuwa nzima.
Sikumbuki kama nilisema samahani.
Aliangalia buti zake, akachukua reki,
tukalihamisha rundo hadi korongoni,
mbali na shamba langu, mbali na lake.
Wingu lilikuwa limeshaufunika Meru.
Tukasimama pale, reki mkononi,
tukitazama korongo linakoelekea,
chini kule, kwenye mahindi ya watu wa Maroroni.