Reli ya Katikati

Shika hapa, Nsajigwa, si hapo. Ubao utacheza.
Huu ulikuwa mlango wa jiko la marehemu babu yako,
tundu la kitasa tumeligeuza bwawa.
Treni nimeitoa Mwanjelwa, ndani ya robota la viatu:
injini moja, mabehewa mawili,
boksi lina maandishi hata fundi saa hakuyajua,
na njia yake ina reli tatu.
Ukacheka. Hii imekosewa, shangazi,
ile ya Iyunga ina mbili.

Haikukosewa.
Hizi za pembeni ni ndugu, zimeshikana kwa chini,
mataluma ni bati; usihangaike kuzitenganisha.
Ya katikati imekaa peke yake juu ya karatasi nyeusi,
haigusi mtu. Humo ndimo unamoingia umeme.
Injini inaulamba kwa kigurudumu cha tumboni
kisha inaurudisha kwa miguu.
Zikigusana, hata kwa unywele mmoja wa waya,
ni shoti. Njia ya mwongo ni fupi,
na umeme uliofupishiwa njia nao ni mwongo:
umefika kabla ya kufanya kazi.

Jana treni iliishiwa nguvu upande wa Loleza,
pale tulipokunja gunia la viazi la Uyole likawa mlima.
Wewe ukalaumu transfoma. Mimi nikalaumu viungo.
Kila kiungo kinakula kidogo, kama madalali wa viazi,
mkondo unafika mlimani hauna kitu mfukoni.
Kwa hiyo leo tunapitisha waya mnene chini ya ubao,
tunapandisha mguu kila baada ya vipande vinne,
mwekundu katikati, mweusi pembeni,
mwekundu katikati, mweusi pembeni,
sema na wewe.

Kona usiibane. Behewa refu hutupa makalio nje,
litapiga ukuta wa handaki.
Babu yako aliyasema hayo hayo akirudi Mlimba,
mikono yake ikinuka grisi ya pointi,
na hakuna aliyemsikiliza isipokuwa mimi
niliyekuwa chini ya meza nikimenya nyaya kwa meno.

Sasa hiki kitanzi ulichochora kwa chaki usiku:
njia inatoka, inajizungusha, inajirudia palepale.
Kwenye reli mbili kingetuchoma.
Reli ya kulia ingerudi ikakutana na ya kushoto,
cheche, fyuzi, giza.
Lakini hii yetu, igeuze utakavyo,
katikati inabaki katikati.
Treni inatoka ikitazama Tunduma,
inarudi ikitazama Iyunga,
na hakuna kinachoungua.
Nimepima mara mbili. Testa haikulia.

Baba naye angeweza kurudi hivyo?
Umeuliza kama mtu anayeuliza bei ya risasi ya kuchomelea.
Kitwe. Miaka minne. Simu ya mwisho ilikatika
akisema "ngoja".
Mimi ni fundi umeme, Nsajigwa. Ninachojua ni waya.
Nikakwambia lete koleo.

Saa moja na nusu wamekata, kama kawaida yao mvua ikianza,
injini ikiwa katikati ya kitanzi,
haijulikani inaenda au inarudi.
Tumeiacha hapohapo, tukala kande gizani.
Swichi ya transfoma hukuizima.
Nimeiona.
Nimeacha.