Macho Mapya ya Selika

Nimenunua gari la mbio katika mji wa mchanga.
Najua, najua, msinicheke wote kwa mpigo.
Selika nyekundu, ya mwaka tisini na moja,
tumbo lake limeramba kila tuta, Isevya hadi Ipuli,
na nikikanyaga breki mbele ya shimo
mwenye baiskeli hunipita, hunisalimu.

Lakini macho yake!
Mchana yamefumbwa ndani ya boneti, huyaoni.
Bonyeza swichi: ngrrr, yanainuka
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
La kushoto huchelewa. Hushuka nikalipiga konzi.

Na nuru yake ilikuwa asali,
asali ya Sikonge iliyolala debeni miaka mitatu,
nzito, ya kahawia, haifiki mbali.
Usiku mmoja njia ya Urambo nilimwona punda;
punda alikuwa ameshaniona zamani.

Nikaenda kwa Mgalula, fundi waya,
ambaye gereji yake ni turubai na kiti cha basi.
Akatoa balbu mbili, wati mia kila moja,
akazishika kwa karatasi, kama ashikaye kifaranga.
"Kioo usikiguse kwa kidole," akasema.
"Mafuta ya mkono wako yatabaki pale,
na ikiwaka, penye alama yako ndipo itakapopasukia."
Nikatia mikono mfukoni.
Nilikumbuka vitu vingi nilivyovishika.

Akaongeza fyuzi, rilei, waya mnene wa rangi ya damu ya mzee.
"Ule wa zamani utayeyuka kama samli.
Wewe unataka moto au mwanga?"
Nikasema mwanga.
"Wote husema hivyo."

Magharibi tukaegesha mbele ya ukuta wa Bi Kalunde,
hatua kumi kamili. Mgalula na chaki yake
akachora msalaba, akakaza skrubu, akalegeza.
"Shusha. Shusha tena. Hapo utampofusha mtu wa lori,
na mtu wa lori akipofuka hafi peke yake."
Nuru ikatua chini ya mstari, nyeupe, imenyooka.
Tukaona ufa ambao mwenye nyumba hakuujua,
na jina lililoandikwa kwa mkaa, likafutwa vibaya.
Hilo hatukulisoma kwa sauti.

Sasa, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha saa kumi.
Ardhi ilisubiri taa tu.

Akaja mmoja, akagonga kioo, tik.
Wakaja sita.
Halafu sikuona tena ukuta, wala chaki, wala Mgalula:
kumbikumbi!
Isevya nzima ikatoka na beseni, ndoo, sufuria,
mtoto mmoja na kofia ya baba yake,
Bi Kalunde na ungo, khanga kaifunga kiunoni,
"Usizime! Ole wako uzime!"
Mwezi wenyewe usiku ule haukutoka,
nikaambiwa, katika nchi ya Wanyamwezi,
kwamba leo zamu ni yangu.
Mimi niliyetaka kuiona njia ya Urambo hadi mwisho wake
nikaona mbawa.

Saa tatu betri ikaanza kuaga.
Weupe ukawa maziwa, maziwa yakawa chai,
chai ikawa ile asali yangu ya zamani.
Macho yakajaribu kufumba, yakakwama nusu,
kama mlevi anayesikiliza mahubiri.
Wakanisukuma, beseni zimejaa juu ya boneti,
gari la mbio kwa mwendo wa watoto,
na hakuna aliyetupita.

Asubuhi nikaletewa kisahani kimefunikwa,
kumbikumbi wa kukaangwa, chumvi imezidi kidogo.
Nikala nimeegemea Selika, nikibandua mbawa kwenye taa.
Kwenye kioo cha kushoto palikuwa na kidole,
kidogo, cha mafuta, mistari yote inahesabika.
Nikamwita Mgalula kwa hofu.
Akainama, akacheka.
"Hiki ni cha nje. Cha nje hakidhuru."

Nikafuta vumbi lote. Pale nikapazunguka.