Faini ya Sauti ya Msibani

Danka alipoambiwa damu yake ina saratani
alimuuliza daktari kama mtihani wa kemia bado upo.
Upo, akasema daktari.
"Basi ugonjwa wenyewe hauna faida."

Kesho yake akaweka mezani chupa tupu ya jemu,
kibandiko kimeandikwa kwa wino mwekundu:
ATAKAYENISEMESHA KWA SAUTI YA MSIBANI, PESO MIA.
Mama yake alilipa kabla ya chai.
Shangazi Neva, aliyekuja na supu ya kondoo na rozari mbili,
alilipa mara sita, kisha akadai risiti.
Mimi nilijisifu: Yerko hatozwi.
Miaka tisa tumekaa dawati moja,
najua anavyonusa mkate kabla hajaula,
sauti mpya ningeitoa wapi?

Mwezi wa pili wa dawa nywele zikamtoka,
zikabaki kwenye mto kana kwamba paka alilala pale.
Akanunua wigi la mtumba, la kahawia,
lenye manukato ya mwanamke tusiyemjua.
"Nafanana na mwalimu wa jiografia," akasema.
Sikubisha. Rafiki habishi ukweli.

Ijumaa hiyo Punta Arenas ulivuma ule upepo
ambao manispaa huufungia kamba kando ya barabara
ili raia wasifike Ajentina bila pasipoti.
Tukashika kamba, mmoja nyuma ya mwenzake.
Sikusikia kitu. Niliona tu kiumbe cha kahawia
kikipaa juu ya foleni ya benki,
kikasita hewani kama kinachotafuta anwani,
kikashuka,
na mbwa wa mtaani akakidaka, akatimua nacho mbio.

Danka, kichwa kama yai, akaketi palepale njiani akicheka
mpaka mzee mmoja akavua kofia, akainama kwa heshima.
"Hiyo nayo ni sauti ya msibani!" akamkemea. "Mia!"
Mzee akalipa. Akaomba radhi. Akavaa kofia.

Usiku nikamtumia rambirambi:

Ewe wigi la mtumba, umetuacha mapema,
hukuaga hata chumba, kipara umekihama,
upepo umekukumba, mbwa kakudhani ni nyama,
lala wigi la mtumba, pumzika kwa salama.

Akahesabu mizani kwa vidole vya mkono wenye dripu,
akajibu usiku wa manane:
"Zimetimia. Ila mstari wa mwisho una msiba ndani yake.
Nakudai hamsini."

Sikumlipa. Nilidhani tuna muda wa kubishana.

Mwezi wa nane wakampeleka Santiago,
saa tatu na nusu kwa ndege, akapandikizwe uboho
wa kaka yake Mirko, asiyewahi kumwazima hata kalamu.
Uwanjani nilikuja na vichekesho vitatu,
nimevifanyia mazoezi mbele ya kioo,
kimoja chenye mbwa.
Nikafungua kinywa.
Kilichotoka sitakiandika.

Mama yake akageuka kutazama ubao wa safari,
akausoma wote, hata ndege za jana.

Danka akanyoosha kiganja.
Nikatia sarafu mbili.
"Mia tu," akasema. "Ya pili ya nini?"

"Ya siku utakayorudi," nikasema.
"Najijua."