Mchana wa Mtu

Mwalimu Shaame kaandika ubaoni, Kiingereza,
akageuka: "Yaani kumtisha mtu
hadi mchana umtoke."

Darasa la Wete likaangua kicheko.
Mchana! Unakaa wapi, tumboni?
Sisi twajua roho kupaa, damu kuganda.
"Kwao jua adimu," kasema Mbwana,
"ndo maana hulificha ndani."

Bikombo hakucheka.
Msimu wa karafuu, juu mkarafuuni,
kaka yake alipiga ukelele wa mzaha:
"Mama, tawi!"
Pishi likaanguka,
karafuu zikatawanyika nyasini.
Kaka akashuka anacheka.
Hata kofi hakupata.
Mama kakaa kitako, macho wazi, haoni,
na jua li utosini.

Bikombo akaandika daftarini:
Unakaa machoni.
Wa mama ulirudi baada ya isha.